Ubao wa Kumi na Mbili kwenye Kikanisa cha Otilia

Weiden, Bavaria
3 Oktoba 1965

Dada Walburga,

Mungu akusalimu, wewe na shemeji Bohumil na binti yenu Jarmila. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua tangu mvua zianze. Kiwandani wamenitoa kwenye tanuri la vyombo, sasa napaka ukingo wa dhahabu kwenye visahani. Ni kazi ya kukaa, namshukuru Mungu. Ile kahawa na zabibu kavu nilizotuma Agosti hukusema kama zimefika. Najiuliza kama mmekunywa ninyi au amekunywa mtu wa posta.

Bwana Ertl, yule fundi saa aliyefiwa na mkewe niliyekueleza, ameniomba kwa mara ya tatu nimwoe. Nacheka, ndivyo anavyosema, kana kwamba mimi ndiye nitakayemwoa yeye. Lakini padri anataka karatasi ya kifo cha mume wangu Wendelin, na mimi sina. Nina barua yake ya mwisho kutoka vitani, ya Februari 1945, na jibu la ofisi ya kutafuta watu: hajulikani alipo. Miaka ishirini, dada. Mpaka leo mtu akigonga mlango moyo unaruka kabla sijasimama. Siwezi kuolewa na mume mwingine huku nimetega sikio mlangoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jirani yangu Bi Lohner alikuja huko Marienbad wiki tatu, kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya figo. Daktari aliwaamuru wagonjwa watembee baada ya kila gilasi, na siku moja wakatembea hadi msituni, kwenye kikanisa chetu cha Mtakatifu Otilia. Alipiga picha. Ninayo hapa mezani.

Kwanza nilishangaa kwamba bado kimesimama. Vikanisa vyote vya upande ule wa mpaka tulisikia vimelipuliwa au vimegeuzwa mabanda. Chetu kina paa, kina mlango, hata yale macho ya bati ambayo wagonjwa wa macho walimtundikia Otilia wakipona yanaonekana ukutani. Babu Zintl alikijenga kwa mikono yake baada ya chokaa kumwingia machoni na maji ya chemchemi ya pale kumrudishia nuru, sawa, lakini sidhani wakubwa wa sasa wanamheshimu babu yetu. Kwa nini hakikuguswa? Shemeji ana urafiki na nani?

Pili, mbao za maiti zilizoegemea ukuta wa nje. Tulipofukuzwa sisi Wajerumani mwaka 1946, ukabaki wewe mke wa Mcheki, zilikuwa kumi na moja. Nazijua kama majina ya ndugu zangu, wa mama ukiwa wa tano. Kwenye picha ziko kumi na mbili. Wa mwisho una rangi nyeusi inayong'aa, na tawi la msonobari limeziba nusu ya maandishi. Nasoma W, E, N, D, kisha majani.

Wewe na mimi tumelelewa nyumba moja. Tunajua kwamba ubao hauandikwi jina la mtu mpaka mtu huyo amelazwa juu yake, amekufa, ndani ya nyumba ya watu waliomfumba macho. Waliopotea vitani hawawekewi ubao. Basi niambie, nani alilazwa pale?

Mdogo wako,
Zenta


20 Novemba 1965

Mdogo wangu Zenta,

Mungu akusalimu nawe. Barua yako imenifikia juzi tu, kwa sababu umeandika tena jina la zamani la kijiji juu ya bahasha. Nimekuambia mara ngapi? Lile jina halipo. Andika la Kicheki, la sivyo barua inazungushwa wiki tano na kila mwenye mikono anaifungua.

Kahawa ilifika, asante, na zabibu nilizitia kwenye keki ya mbegu za mpopi siku ya kusherehekea jina la Bohumil. Amekula vipande vitatu, tumbo likamsumbua, akazilaumu mbegu. Jarmila anafanya kazi kwenye nyumba ya kuogea maji ya mvuke, anawafunga wageni mataulo. Bata bukini tumebaki nao wanne. Theluji imeanguka mapema mwaka huu, na mahali pa kuchotea maji pameganda.

Kuhusu kikanisa, usijenge habari mahali ambapo hakuna habari. Bohumil ni mlinzi wa misitu, anaweka humo chumvi ya kulambwa na kulungu na reki za nyasi. Kwenye karatasi za ofisi si kikanisa, ni ghala. Nani atalipua ghala la chumvi? Bohumil anasema Otilia sasa ni msimamizi wa kulungu, na kulungu hawajalalamika.

Na ubao huo ni wa mzee Wendelin Haas, mkata magogo, yule wa kibanda cha juu. Alifariki baada ya ninyi kuondoka. Hakuwa na mtu, tukamlaza sisi. Ndiyo hivyo tu.

Olewa na Bwana Ertl. Fundi saa ni mtu mtulivu.

Dada yako,
Walburga


Weiden
12 Desemba 1965

Dada Walburga,

Mungu akusalimu, na Noeli njema kwenu nyote. Nimetuma soksi ndefu mbili za Jarmila na chokoleti. Hapa tumechoma mishumaa ya majilio, nimekaa peke yangu na picha ile na barua yako, moja kulia, nyingine kushoto.

Mzee Wendelin Haas! Ama kweli umenifanya mjinga. Mzee Haas alipakiwa behewa moja nami, tarehe kumi na nne Juni 1946. Tulikaa bega kwa bega siku mbili, akanigawia nusu ya kitunguu chake. Aliishi hapa Weiden, kwenye nyumba ya wazee, akafa 1951 akiwatukana watawa. Nilitembea nyuma ya jeneza lake. Tulikuwa watu sita na mvua. Kwa hiyo labda alifufuka, akavuka mpaka kwa miguu, akaja kufa tena kwako ili apate ubao.

Nimempelekea mpiga picha ile picha, ameikuza mpaka majani ya msonobari yamekuwa makubwa kama vidole. Jina bado limezibwa. Lakini chini yake, pembeni ya tawi, namba mbili zinasomeka: 4 na 6.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii nataka jibu la mtu mzima. Mume wangu Wendelin alirudi?

Zenta


2 Februari 1966

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Bohumil alilazwa wiki mbili na mapafu, sasa yuko nyumbani anakohoa na kutoa amri. Soksi zimemfaa Jarmila. Bata mmoja amechukuliwa na mbweha, tumebaki na watatu. Leo tumebariki mishumaa, kimyakimya, jikoni.

Kuhusu Haas, nilikosea. Macho yangu si yale. Watu wengi walikufa mwaka ule, na mimi nilikuwa na mengi. Nakuomba uache mambo ya msituni. Karatasi hizi zinasomwa na wengine kabla hazijakufikia, unajua, na hujui wanatafuta nini. Una kazi ya kukaa, una chumba chenye jiko la makaa, una mwanaume anayekutaka. Mimi ningekuwa wewe ningefunga dirisha.

Usimtume tena Bi Lohner na kamera yake.

Walburga


Weiden
1 Machi 1966

Walburga,

Nakusalimu kwa sababu tulifundishwa kusalimu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo. Ina bata, ina mbweha, ina mapafu ya Bohumil. "Hapana" haimo. Nilikuuliza kama mume wangu alirudi, na mtu ambaye mume wa ndugu yake hakurudi anaandika neno moja: hapana. Wewe umeniandikia funga dirisha.

Basi nitasema mimi. Wendelin alirudi baada ya mimi kuondoshwa. Akakukuta wewe. Ulikuwa mzuri kuliko mimi, kila mtu alisema, na kwenye ngoma za sikukuu ya Otilia alikuwa akikuzungusha wewe kabla hajanizungusha mimi. Nilicheka wakati ule. Alikaa kwako. Na binti yako, ambaye namtumia soksi, alizaliwa Machi 1947. Najua kuhesabu, Walburga. Hesabu tulifundishwa kwenye benchi moja.

Sasa naelewa kwa nini hukuniandikia habari zake miaka ishirini. Naelewa hata kwa nini Bohumil ameweka chumvi ya kulungu kuzunguka ubao wa mtu. Anajua, au hajui? Mnanicheka mkila keki yangu ya zabibu?

Nimeomba viza. Wanasema miezi mitatu. Nitakuja kulisukuma lile tawi kwa mkono wangu.

Zenta


9 Mei 1966

Zenta,

Barua hii haipiti posta. Mgeni mmoja wa Nuremberg anayerudi kwao ataibeba chini ya biskuti bapa, ndani ya boksi. Nimemwambia ni maelekezo ya mapishi. Kwa hiyo leo naweza kusema, na nimekaa na kalamu tangu Jarmila alipoenda kazini asubuhi.

Jarmila ni mtoto wa Bohumil. Anza hapo, lifute hilo kwanza. Ana masikio ya Bohumil, ana ubishi wa Bohumil. Mumeo unayemtukana hakuweza kunyanyua kijiko. Nilikuwa namlisha mimi, kama kinda, na nusu ilirudi. Tusi lako nililisoma nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko. Kisha nikajiambia, afadhali, hilo si kosa langu, naweza kulikana. Langu ni baya zaidi.

Ulichukuliwa tarehe mbili Juni. Tarehe nne Bohumil alikwenda msituni akamkuta Wendelin ndani ya kikanisa, amelala chini ya benchi, amevaa koti lisilo na mikono. Alikuwa ametembea kutoka Silesia, kwa vipande, miezi kadhaa. Alipofika nyumbani kwenu aliona watu wengine dirishani, akarudi nyuma, akaenda mahali pekee alipojua kuna mlango usiofungwa. Tulimleta kwetu, tukampandisha ngazi mpaka darini kwenye nyasi. Alikuwa mwepesi, Zenta, mimi peke yangu ningeweza.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Zenta yuko wapi?"

Nikamwambia, "Ameshavuka. Yuko Bavaria, yuko salama. Ukipona utamfuata."

Na wewe ulikuwa kwenye mabanda ya mbao nyuma ya stesheni, kilomita nne, unasubiri behewa.

Usidhani ilinitoka kwa bahati mbaya. Nilifikiri kabla ya kusema. Angejua uko pale angekwenda. Angetambaa kwa viwiko. Wangemkamata langoni, wangemwuliza amelala kwa nani, na hakuwa na nguvu ya kudanganya. Karatasi yangu ya kubaki ilikuwa juu ya meza ya mtu, haijagongwa muhuri. Bohumil angefungwa kwa kuficha askari wa Kijerumani, mimi ningepakiwa pamoja nanyi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najieleza. Bohumil alitaka twende tukakuambie, hata kwa siri. Mimi ndiye niliyemkataza. Usimlaumu yeye kwa lolote.

Tarehe nane nilikuja kwenye uzio nikakuletea mkate na soseji. Unakumbuka. Nililia, ukapitisha vidole kwenye waya ukanifuta uso ukaniambia, "Usilie dada, tutaonana tu." Asubuhi ile nilikuwa nimemwosha mumeo miguu. Neno lilikuwa hapa kooni. Askari alikuwa mbali, anavuta sigara, hata asingesikia. Nikakusikiliza ukinifariji, nikarudi nyumbani.

Alifariki tarehe kumi na mbili, mchana. Tulimlaza juu ya ubao wa mlango wa dari, nilimfumba macho mimi. Bohumil alimzika nyuma ya kikanisa bila padri. Siku mbili baadaye nikasikia treni yenu ikipiga honi kwenye kona.

Mwaka wa kwanza sikukuandikia haya kwa kuwaogopa askari. Miaka iliyofuata nilikuogopa wewe.

Bohumil alisema niandike jina tu, bila siku. Alisema, siku moja mtu ataisoma na atajua kuhesabu. Yeye kwao hawaweki mbao, hawezi kuelewa. Unaweza kumdanganya mtu aliye hai kwenye uzio, nimefanya. Lakini ubao wa maiti hauandikwi uongo. Mama angenitemea mate. Nikaandika: Juu ya ubao huu alilazwa Wendelin Pöllmann, fundi seremala, 12 Juni 1946. Tawi lile la msonobari linaziba siku na mwezi, na mimi nimekuwa nikikataza lisikatwe. Niliiogopa hiyo tarehe kuliko jina.

Jambo moja zaidi ulijue, kwa kuwa utaliona. Ubao ulitakiwa uwe umeoza. Ukioza ukaanguka ndipo marehemu anapumzika, na hakuna anayeruhusiwa kuushika. Mimi kila majira ya kuchipua naupaka mafuta ya kitani na kupitisha herufi upya. Nimemshikilia hapo miaka ishirini, maskini, ili siku utakayokuja usikute majani matupu.

Sikuombi kitu.

Walburga


Weiden
20 Mei 1966

Walburga,

Safari hii sina salamu.

Boksi limefika. Biskuti nimempa Bi Lohner, sikuweza kuzimeza. Kwa yale niliyoandika juu ya Jarmila, naomba radhi. Hayo nayafuta yote. Usimwambie. Soksi nitaendelea kutuma, hana kosa, na shemeji Bohumil hana kosa. Mwambie hivyo kwa maneno haya haya.

Nilipomaliza kusoma nilivaa koti nikaenda kwa Bwana Ertl, sikujua ninakwenda huko mpaka nilipofika. Nikamwambia, mimi ni mjane tangu tarehe 12 Juni 1946. Aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza, akasimama, akavua kofia, akasema, "Pole sana kwa msiba, Bi Zenta." Nikalia palepale mbele ya wateja. Ni pole ya kwanza niliyopewa. Wengine wote, miaka hii yote, walikuwa wananiambia nivumilie.

Hakuniuliza kuhusu ndoa. Sijamjibu na sijui nitamjibu nini. Hilo si lako tena kunishauri.

Nikakaa nyumbani siku tatu nikiukumbuka ule mkate. Niliukata vipande kumi na vinne, nikala kimoja kila kituo treni iliposimama, na kila kimoja nilikuombea wewe. Nilisema, Mungu mlinde dada yangu, amebaki peke yake. Nilikuwa kilomita nne, Walburga. Nilikuwa na miguu mizima. Hata kama wangenipiga risasi njiani ningependa niwe nimeulizwa mimi. Hukuniuliza. Umenichagulia, umemchagulia na yeye, kisha ukasimama pale kwenye waya ukaniacha nikufute uso.

Viza imetoka, ya siku tatu. Nitafika Jumamosi, tarehe kumi na moja Juni. Usije stesheni, na shemeji asije. Jarmila akitaka anipokee mzigo, sawa. Jumapili tarehe kumi na mbili nitakwenda msituni peke yangu, njia naijua. Weka brashi chini, mwaka huu usiupake. Na tawi nalo usilikate, nitalisogeza mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nitakuja kwako. Usipike, usioke keki. Nitakaa kwenye meza ya mama na wewe utakaa mbele yangu. Mume wangu alikaa kwako siku tisa, na zilikuwa zangu. Utanirudishia moja moja. Aliamka vipi, alikula nini, alicheka au hakucheka, aliniuliza mara ngapi, na wewe ulimjibu nini kila mara. Usiruke hata moja, wala ile ya tarehe nane. Ukichoka utakunywa maji kisha utaendelea. Mimi nitakaa kimya mpaka umalize ya tisa.

Nikiinuka hapo, kama nitakuita dada, sijui bado.

Zenta